Staji ya Mhuri

Aka! Msinichekeshe, mbavu zinauma. Kijana wa agronomia, mwaka wake wa mwisho, anapelekwa staji. Anafungiwa mwezi mzima katika ofisi moja kule mjini, anapanga mafaili, anatumwa uniti za simu, anatumwa fotokopi, anatumwa maandazi ya wakubwa saa nne. Mwezi ukiisha wanamwandikia kwamba amefanya kazi kwa bidii na nidhamu. Mhuri, sahihi, kumi na saba juu ya ishirini. Kumi na saba ya nini? Shamba hajalikanyaga. Nzi mweupe anayeeneza ugonjwa wa mihogo hajamwona ila kwenye silabusi, na silabusi yenyewe ni fotokopi ya fotokopi, nzi amegeuka doa jeusi.

Maneno haya yalitoka hapa kijiweni kwetu Runingu, kando ya barabara ya taifa namba 5, pale motari wa pikipiki wanaposubiri abiria wa Sange huku na wa Uvira kule. Kijana mwenyewe alikuwepo, ripoti yake mkononi, imefungwa kwa plastiki ili vumbi la malori lisiiguse. Alidhani tutampongeza. Watu wakasonya mmoja baada ya mwingine, mpaka yule mama mwenye mashine ya kukobolea mpunga, ambaye kwa kawaida hana muda na mazungumzo ya wanaume waliokaa.

Aliyeanza kumchambua ni mzee wetu aliyefanya kazi kiwanda cha sukari cha Kiliba, kabla vita ya 1996 haijakisimamisha. (Niseme ukweli: wazee wote wa Kiliba tunaowajua walikuwa mafundi wakuu. Mpaka leo hatujakutana na aliyekuwa anafagia.) Mzee akasema, enzi zao kijana akiingia kiwandani hakupewa kiti. Alipewa pampu iliyokufa. Mchana alimshikia fundi taa chini ya tumbo la mashine, usiku akagongewa mlango kwao aitwe, kwa sababu muwa ukishakatwa haungoji mtu. Ukilala siku mbili bila kukamuliwa, sukari inaanza kuharibika ndani yake. Mashamba mazima yalikuwa yamekatwa, matrekta yamejipanga, na pampu imekataa. Hapo, akasema mzee, ndipo mtu anajifunza pampu.

Nimelizungusha sana neno hili la muwa kichwani, maana naona ndilo kiini cha mambo. Tunaposema wanafunzi wafanye kazi za kweli wakiwa bado chuoni, tunakimbilia kuhesabu vitu: maabara hakuna, kompyuta hakuna, umeme unakuja na kuondoka. Ni kweli vyote hivyo. Lakini kijana huyu ofisini alikuwa na meza, na kompyuta ilikuwepo, na bado ametoka mtupu. Alichokosa ni mtu mmoja wa kuingojea kazi yake. Angeyapanga yale mafaili kichwa chini miguu juu, nani angelala njaa? Ripoti yake nayo nani ataisoma? Profesa ataangalia ukurasa wa kwanza kama jina la chuo limeandikwa vizuri, atapima unene, ataweka pointi. Basi. Itakwenda kuliwa na mchwa pamoja na dada zake wa mwaka jana.

Kijana akajitetea, na nampenda kwa hilo. Akasema: «Baba, nyinyi mnasema tu. Kazi ya kweli inataka pesa. Hata minervali ya chuo mama ameuza mbuzi kuilipa. Utafiti unataka wazungu.»

Ala! Hapo ndipo akaniamsha.

Kijana wangu, unaijua kolera ya Uvira? Nani asiyeijua. Sasa sikiliza. Hospitali kuu ya Uvira ina kituo cha kutibia kolera, na kituo kina daftari: leo wameingia wangapi, jana wangapi. Ni daftari la kawaida, la kalamu ya bluu. Upande mwingine wa mji, Regideso, shirika la maji, nao wana rekodi zao: leo mtambo umesukuma maji kiasi gani, leo haukusukuma kitu kwa sababu umeme haukuwepo. Karatasi hizi zilikaa miaka yote katika mji mmoja, huko huko mnakopelekwa staji ya kununua maandazi. Waliokuja kuzikalisha pamoja ni watafiti wa chuo cha London cha afya na magonjwa ya nchi za joto, wakishirikiana na watu wa idara ya afya wa hapa hapa. Wakazichukua za kuanzia 2009 hadi 2014, wakazilinganisha siku kwa siku, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo: siku ambayo mabomba yalikauka kabisa, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa walioshukiwa kuwa na kolera waliongezeka zaidi ya maradufu, ukilinganisha na siku maji yalipotoka vizuri. 

Kila mama wa Mulongwe alikuwa anajua kwamba bomba likikauka watoto wanaharisha. Alijua kwa maumivu. Lakini hakuna mfadhili anayefungua mfuko kwa sababu mama amesema. Walipoiona hesabu, hoja ya kutengeneza mabomba ya Uvira ikapata miguu ya kusimamia.

Sitaki kudanganya kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu angefanya hesabu zote zile peke yake. Zile hesabu ni za watu waliozeekea humo. Lakini kunakili daftari? Kuweka siku ya maji mkono wa kushoto na siku ya wagonjwa mkono wa kulia? Kuuliza kwa nini Jumanne ile wameingia wengi? Hilo ni kalamu, daftari, na barua ya chuo ya kuombea ruhusa. Na kuna watu walikuwa wanasubiri jibu: muuguzi aliyetaka kujua aandae vitanda vingapi wiki ijayo. Niambie, katika miaka yote hiyo, memwari ngapi ziliandikwa katika vyuo vyetu zenye kichwa cha habari cha mistari mitatu kuhusu «athari za» kitu fulani «juu ya» kitu kingine, zimenakiliwa kutoka memwari ya Bukavu iliyonakiliwa kutoka ya Kisangani?

Motari mmoja akacheka kwa nguvu. Huyu motari ni msomi, msimdharau kwa kofia. Ana lisansi ya uongozi wa biashara, iko kwao kwenye bahasha chini ya godoro. Akasema uhasibu alisomea miaka mitano, lakini alijifunza kwa wiki moja. Ilikuwaje? Likelemba ya motari wenzake ilikuwa imeliwa. Kila mmoja alikuwa anatoa kila siku, zamu ya mtu mmoja ikafika, sanduku likafunguliwa, pesa pungufu. Vijana wakali walitaka kuchoma pikipiki ya mweka hazina. Wakamkumbuka yeye: wewe si umesomea pesa? Njoo useme mwizi ni nani. Akachukua daftari, akaketi nalo usiku kucha, na akagundua kwamba hakuna mwizi. Mweka hazina alikuwa anaandika franka za Kongo na franka za Burundi katika safu moja bila kuonyesha zipi ni zipi, na siku nyingine dola zimo humo humo. Huku kwetu mpakani pesa tatu zinalala mfuko mmoja, kila mtu anajua, ila silabusi yake iliandikwa kana kwamba dunia ina sarafu moja. «Siku ile,» akasema, «mkono ulinitetemeka. Chuoni nilikuwa nikikosea napoteza pointi mbili. Pale ningekosea mtu angepoteza meno.»

Watu wakacheka, lakini mimi niliona ameumaliza mjadala. Hata hivyo mzee wa Kiliba hakukubali kushindwa na motari. Akadakia kwamba basi shule ifungwe, watoto wote waje wajifunze barabarani. Hapana, mzee, hapo umepitiliza. Tunao wengi sana waliojifunza barabarani tu. Fundi wa namna hiyo anafungua injini kwa kusikiliza mlio, na analifunga tatizo lile lile kila mwezi kwa sababu hajui limetoka wapi. Kujisaidia, kile kifungu cha 15 tunachoimba Kongo nzima, kumetuvusha kwenye shida nyingi, lakini daraja halijengwi kwa kukisia. Motari aliliokoa sanduku kwa sababu alikuwa na ile miaka mitano kichwani. Ilikuwa imelala tu, haijaguswa na mtu.

Na kama mnataka mtu mkubwa wa mfano, msiende mbali. Inueni macho mtazame milima ile pale. Lemera iko huko juu, kwetu Wafuliru. Kijana mmoja alimaliza udaktari Bujumbura mwaka 1983, akaja kufanya kazi hospitali ya Lemera. Hakuwa daktari wa akina mama. Lakini kila siku machela zinashuka kutoka vijiji vya mbali, mwanamke amekaa na uchungu siku nyingi, anavuja damu, mwingine mtoto ameshafia tumboni. Zile machela ndizo zilizomchagulia somo. Akaenda Angers, Ufaransa, akasomea uzazi na magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi Lemera ile ile. Oktoba 1996 hospitali ikashambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Miaka mitatu baadaye hospitali yake ya Panzi ikaanza kule Bukavu, na 2018 dunia ikampa Denis Mukwege Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wanakumbuka tuzo. Mimi nakumbuka mpangilio: kwanza alifanya kazi mahali ambapo watu walimsubiri, ndipo akajua ni kitu gani asichokijua, ndipo akaenda kukisomea. Sisi tunamsomesha mtoto kila kitu miaka mingi, halafu tunamwachia mwezi mmoja akutane na binadamu.

Kuna wengine Kongo hii hii. Kinshasa mwaka 2013 ziliwekwa roboti njiani za kuongoza magari, zimetengenezwa kwa alumini, zilikula jua, zilikuwa na kamera. Mhandisi aliyeziongoza ni mwanamke aliyesoma chuo cha ufundi cha ISTA, Thérèse Izay Kirongozi, na chama chake cha wahandisi wanawake. Watu walicheka, kisha madereva wakaanza kusimama, maana roboti huwezi kuipa pesa ya soda. Waganda nao, pale chuo cha Makerere, wanafunzi na walimu wao waliingia katika mradi wa vyuo vingi wa kuunda gari, ulioanzia chuo cha MIT kule Marekani. Waliporudi hawakuandika ripoti wakalala. Novemba 2011 wakatoa gari lao la umeme, Kiira EV, viti viwili, likatembea barabarani Kampala, na 2016 likafuata basi la kutumia jua, Kayoola. Dar es Salaam wanafunzi wa uhandisi wanapelekwa viwandani likizo zinapofika, mwaka baada ya mwaka, si mara moja tu pale mwisho. Sisemi kwao kuna pepo. Huko pia kuna wa kutumwa chai. Lakini ukienda mara tatu, mara ya tatu utaona aibu kuendelea kutumwa chai.

Kijana wa agronomia akaniambia mambo yamebadilika, sasa kuna mfumo mpya wa masomo ya chuo, LMD. Ndiyo, nimesikia. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliutaja mfumo huo, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ikaanza kuutandaza nchi nzima: lisansi miaka mitatu badala ya mitano, kredi 180, na staji nayo ina kredi zake. Kwenye karatasi kazi ya mikono ya mwanafunzi sasa inahesabiwa. Hewala. Lakini miaka imepunguzwa, foleni ya kutafuta ofisi ya kukupokea haikupunguzwa, na ofisi za Uvira ni zile zile, zenye meza zile zile nne na mkubwa yule yule anayependa maandazi ya moto. Mwalimu wa kumfuatilia mwanafunzi naye mshahara wake unafika kwa kuruka ruka, nauli ya kuja Runingu kumwona mwanafunzi shambani ataitoa wapi? Siwatukani walimu. Mtu akikuuzia silabusi ili watoto wake wale, kosa limeanzia juu yake. Ila naomba jambo moja lisilohitaji nauli: kabla ya kumpa mwanafunzi kichwa cha memwari, mwalimu amwulize ni nani ameliomba jibu hili. Kama jibu ni «hakuna mtu, profesa», amrudishe kijijini akatafute.

Hapa mama mwenye mashine, aliyekuwa anapepeta huku anasikiliza, akasonya ule msonyo mrefu wa wanawake wa bondeni, unaoanzia kisigino. Akasema: «Na wale wa tablet?»

Eeh! Tuliwasahau wa tablet. Wanafunzi hawa wanachukuliwa na mashirika kwa malipo ya siku, wanaingia nyumba kwa nyumba: mama, una mbuzi wangapi, mna milo mingapi, choo ni cha nini, maji mnateka wapi. Hapo kuna kazi ya kweli, huwezi kukataa. Wanajifunza kuuliza, wanajifunza kuvumilia jua. Lakini mama akauliza swali ambalo sijaweza kulijibu. Ameulizwa kuhusu mbuzi na watu tofauti miaka na miaka, wakati wa amani na wakati wa kukimbia risasi, na hajawahi kuona mmoja amerudi kumwambia hesabu ya mbuzi wa Runingu ilitoka ngapi. Jibu linasubiriwa, ndiyo, ila na mtu aliye mbali sana, ambaye akipewa hesabu ya uongo hatagundua. Na hao vijana wanajua hatagundua. Wapo waliojaza tablet wamekaa chini ya mwembe, tunawajua, mwembe tunaujua.

Mama akaacha ungo. Akamgeukia kijana wa agronomia, akamwita mwanangu, na akamweleza shida yake bila kupamba. Mpunga unaoletwa kwenye mashine yake unatoka umekatika katika. Mchele uliokatika bei inashuka, walanguzi wa Uvira wanaukunjia uso. Wakulima wanasema mashine yake ndiyo inatafuna, wengine wameanza kumhama, wanapeleka Sange. Yeye anasema mpunga wenyewe unaletwa mbaya. Fundi alikuja, akafungua, akafunga, akachukua pesa, mchele ukaendelea kukatika.

Ndipo nikaona jambo ambalo ile ripoti ya plastiki haikulionyesha: macho ya yule kijana yakawaka. Kumbe kitu alikijua! Akauliza mpunga unaanikwa wapi. Juu ya lami, mama akamjibu, si unaona? Kweli, pande zote mbili za barabara mpunga umetandazwa mwembamba juu ya lami iliyopata moto wa saa saba, malori yanaukwepa kidogo. Kijana akasema punje ikikaushwa haraka kwa joto kali inapasuka ndani, nyufa ambazo jicho halizioni, na ikifika kwenye mashine inavunjikia pale pale kwenye ufa. Wakobozi wanataka punje yenye unyevu wa karibu asilimia 14, na ianikwe polepole, kwa tabaka nene kidogo, igeuzwe mara kwa mara. Na kuchelewa kuvuna nako kunachangia, mpunga ukikauka shambani, ukanyeshewa, ukakauka tena.

Mzee wa Kiliba akamkatiza: unyevu wa asilimia 14 utaupimaje, una kipimo? Kijana akakiri hana. Mzee akasema wao walikuwa wanaing'ata punje. Wakabishana kuhusu meno na asilimia muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Motari msomi ndiye aliyewarudisha. Akasema hata bila kipimo jambo linawezekana: mpunga wa shamba moja, uliovunwa siku moja, ugawe mafungu mawili yenye uzito sawa. Fungu moja lami, jingine juu ya turubai penye upepo na ligeuzwe. Pitisha yote kwenye mashine ya mama, kisha chagua uliokatika, pima. Yakitoka tofauti, kosa ni la jua. Yakitoka sawa, yote yamekatika, basi tuifungue mashine. Kijana akaongeza kwamba mara moja haitoshi, lazima warudie na mpunga wa mashamba mengine, maana aina za mpunga hazilingani. Alikuwa ameshaligeuza jalada la ile ripoti yake, anaandika kwa nyuma.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Turubai analo. Mpunga wa kujaribia atatoa wa kwake, asije mkulima akalia. Chakula cha mchana kitakuwepo, bugali na ndagala, lakini pesa ya siku hana, yeye si shirika.

«Ila nikuulize, mwanangu. Ukikuta ni mashine yangu, utaniambia mimi, au utaiandika kwanza kwenye memwari yako watu waisome?»

Kijana akafikiri. Akasema: «Wewe kwanza, mama. Lakini kwenye memwari nitaiandika.»

Mama akasonya tena, msonyo mfupi safari hii, akamwambia aje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla wateja hawajafika, na aje na mzani wa kuazima mahali pengine, maana ule wa kwake wakulima hawauamini.